Mfukuzaji wa Kila Ijumaa

Mchezo wa redio ulisikika kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari ya jioni, na mtaa mzima hakuna aliyejua kwamba mwandishi wake ni Madamu. Hata wangeambiwa wasingeamini. Madamu alikuwa mwalimu wa sekondari, mjane wa hakimu, mwanamke ambaye hata akienda dukani kununua kiberiti alivaa viatu vya kufunga. Watu wa namna hiyo huandika hotuba za mahafali. Hawaandiki habari za mwizi wa almasi anayekimbizwa na gari wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki gari linalomkimbiza linaishia mtaroni, ukutani, au ndani ya banda la kuku la mtu asiyehusika.

Lakini ndiye yeye. Alianza baada ya msiba, nyumba ilipokuwa kimya kupita kiasi, na kazi ile ikamkaa moyoni kuliko alivyopenda kukiri. Jina lililosomwa redioni halikuwa lake. Ukoo wa marehemu ulikuwa umetoa hakimu, muuguzi mkuu na katibu wa wilaya, na Madamu alijiapiza kwamba jina hilo halitatiwa doa kupitia kwake. Siri yake aliijua mtayarishaji wa mchezo, na upande wa familia aliijua mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Huyo naye aliambiwa kwa sababu alihitajika.

"Shemeji," Madamu alimwambia siku hiyo, akimsogezea chai, "mtu anakimbizwa na gari. Anataka yule wa nyuma apate ajali, yeye apite salama. Anafanyaje?"

Shemeji alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa na gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na maisha yake yote alikuwa akifundisha watu wasigongane.

"Ndugu yangu alijua una mawazo haya?"

"Ni ya mchezo wa redio, shemeji. Ndio mimi ninayeuandika. Lakini ufe nalo hilo."

"Aa." Akavuta bakuli la sukari. "Basi huyu ndiye anayefukuza. Kikombe ndicho kinachokimbia. Kosa la anayefukuza ni kwamba haangalii barabara, anaangalia mkia wa mwenzake. Wa mbele akienda kulia, naye kulia. Kwa hiyo unaweza kumpeleka utakako." Akasukuma kikombe kuelekea chupa ya chai. "Hii chupa ni lori limeharibika njiani. Wa mbele analiona, wa nyuma halioni, amezibwa. Sasa wa mbele akikanyaga breki, taa nyekundu zitawaka na mwenzake atashtuka. Kwa hiyo hakanyagi. Anashusha gia tu. Gari linapungua mwendo lenyewe, taa haziwaki, na wa nyuma anajikuta amesogea mno. Hapo ndipo unachomoka pembeni."

Kikombe kikachomoka. Bakuli likajipigiza kwenye chupa, sukari ikamwagika mezani.

"Masikini," shemeji akasema, akiikusanya sukari kwa kiganja. Alimaanisha bakuli.

Tangu hapo akawa anapita mara kwa mara baada ya vipindi vyake, na meza ya Madamu ikageuka barabara. Alimfundisha namna ya kumfumba mtu macho kwa vumbi, namna ya kumwingiza kwenye kona iliyo kali kuliko inavyoonekana, namna ya kuzima taa kabla ya daraja jembamba. Madamu, ambaye hakuwahi kushika usukani, aliandika yote kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Tatizo likaja kutoka studio. Fundi mitambo alikuwa na mlio mmoja tu wa injini, na magari yote mawili yalilia vilevile. "Msikilizaji hajui nani ni nani," mtayarishaji akalalamika. "Huyo mfukuzaji mpe kitu cha kumtambulisha. Kikohozi, mluzi, chochote."

Madamu akakaa na kalamu, na kilichomjia hakikuwa kikohozi. Yalimjia maneno: "Kioo, ishara, bega." Hayo ndiyo maneno ambayo shemeji alimwimbia kila mwanafunzi kabla gari halijaondoka. Tazama kioo, toa ishara, geuza shingo uangalie juu ya bega. Alikuwa akiyasema hata anapoinuka kwenye kiti baada ya kula. Baadaye Madamu alijaribu kujiambia kwamba alidhani madereva wote husema hivyo. Haikuwa kweli. Alijua ni ya nani. Yalimchekesha tu, na mkono ukaandika.

Mwigizaji aliyatamka polepole, kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake: "Kioo. Ishara. Bega." Kisha tairi zikalia, kisha mabati na sinia za studio zikamwagika zote kwa pamoja. Nchi nzima ilivunjika mbavu. Mtayarishaji alipiga simu usiku uleule kusema kwamba hata mlinzi wa geti anacheka peke yake, na kwamba maneno hayo yabaki kila Ijumaa.

Yakabaki. Madamu alikuwa jikoni akitayarisha chakula siku binti yake aliporudi kutoka duka la dawa alikofanya kazi, akatupa mkoba kwenye kiti.

"Mama, umesikia wanachomfanyia baba mkubwa?"

"Nani?"

"Vijana wa pikipiki pale kwenye mzunguko wa barabara. Akitokea tu wanamwimbia, kioo, ishara, bega, halafu wote kwa pamoja, puu. Leo mpaka wauza matunda wamejiunga."

"Na yeye anasema nini?"

"Aseme nini? Anaendesha, macho mbele. Mwanafunzi ndiye alikuwa analia. Wanamhama, mama. Mke wa daktari wa meno kahamia shule ya ng'ambo ya soko. Alikuja kununua dawa ya kikohozi, ananiambia mimi, usoni kwangu, kwamba hawezi kufundishwa na mtu anayeingia mtaroni kila Ijumaa."

"Ule ni mchezo tu."

"Kamwambie yeye." Binti akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. "Aliyeandika yale hana haya hata chembe. Na lazima anamjua baba mkubwa. Mimi nasema ni mwanafunzi wake aliyefeli, akabaki na kinyongo."

Madamu akaendelea kukatakata kitunguu ambacho kilikuwa kimeshakatwa. Alikuwa amewapa watoto wa watu adhabu kwa mizaha midogo kuliko huu, na kuwahutubia juu yake hadi wakainamisha vichwa.

Kesho yake alimfuata mtayarishaji, akaomba maneno yaondolewe. Mtayarishaji alimwangalia kama mtu aliyeombwa kung'oa mlango wa nyumba yake.

"Madamu, watu wanawasha redio kwa ajili ya hayo maneno. Sikiliza, kama umemchoka huyo mfukuzaji, tumuue. Kishindo kimoja kikubwa, gari linawaka moto, basi."

Madamu akaona picha ya vijana wa mzunguko wakimwimbia shemeji nyimbo za mazishi. "Asife," akasema. "Nitaandika mwenyewe."

Badala ya kwenda nyumbani akaenda kwa shemeji. Ilikuwa saa ambazo kwa kawaida humpati, yuko barabarani na mtu. Alimkuta uani akiosha gari. Lilikuwa safi tayari. Alikuwa akipitisha kitambaa mahali palepale, juu ya kibao cha mwanafunzi, kama anayesubiri kitambaa chenyewe kimwambie imetosha.

"Karibu, shemeji. Leo tunamwangusha wapi?"

Madamu akakaa kwenye ngazi bila kupangusa vumbi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Leo nataka kujua kinyume chake. Anayefukuza afanye nini asidanganyike?"

"Rahisi. Aache nafasi. Ukikaa mbali na mwenzako, awe mjanja namna gani, hana la kukufanya. Lori utaliona, kona utaiona." Akakamua kitambaa. "Ila ndiyo hivyo, ukiacha nafasi humkamati. Mchezo wako utakufa."

"Ulijua kwamba ni wewe?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza. Nilikuwa nakula. Nilicheka mpaka nikapaliwa." Akaendelea na kitambaa. "Ya pili sikucheka sana."

"Kwa nini hukuniambia, jamani? Kwa nini hukuwaambia hao watu?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mwandishi ni shemeji yangu, na hizo mbinu namfundisha mimi? Wangeniheshimu siku hiyohiyo. Lakini uliniambia nife nalo. Mmoja aliniuliza kama namjua mwandishi, nikasema simjui."

"Na ukaendelea kuja kunifundisha."

Shemeji akakaa pembeni ya ndoo. "Tangu ndugu yangu aondoke, ukifungua mlango unafungua kama mtu anayepokea barua ya serikali. Hizo siku za bakuli la sukari ulikuwa unafungua unacheka. Sasa ningekuja na malalamiko?"

Madamu hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alikaa pale ngazini uso umemshuka, akiwaza jinsi alivyolilinda jina la ukoo kwa kufuli mbili, na mwenye jina hilo aliye hai akamwacha nje, peke yake, azomewe.

Sehemu iliyofuata aliiandika kwa siku moja. Ndani yake mfukuzaji alikaa mbali. Alitazama kioo, akatoa ishara, akageuza shingo, akaliona lori. Mwizi wa almasi akachomoka pembeni kama ilivyo ada, na nyuma yake hakikusikika kitu ila injini ikipunguza mwendo kwa utaratibu. Mtayarishaji aligeuza karatasi ya mwisho akitafuta kishindo. Madamu akamwambia kwamba kishindo hakipo, na kwamba kuna jambo la pili: mwishoni mtangazaji atasoma jina halisi la mwandishi, lote, mpaka la ukoo, na kwa niaba yake atamshukuru shemeji yake, mwalimu wa udereva, kwa kumfundisha kila mbinu iliyowahi kusikika kwenye mchezo ule. Wakikataa, watafute mwandishi mwingine. Mtayarishaji alikuna kichwa, lakini kupata jina la mwandishi wa siri halikuwa jambo dogo kwa kituo, akakubali.

Jina liliposomwa Ijumaa, simu ya kwanza ilitoka kwa wifi yake, yule muuguzi mkuu.

"Niambie redio yangu ni mbovu."

"Si mbovu, wifi."

"Wewe. Na Kiswahili chako chote hicho. Mke wa hakimu, mabanda ya kuku." Akahema. "Na kaka yetu muda wote huu anazomewa njiani, umekaa umetulia?"

"Sikutulia."

"Lakini ulikaa."

Binti yake, aliyekuwa amesikia yote kutoka sebuleni, aliinuka akazima redio. Alichukua sahani yake akala chumbani, na hilo lilimkata mama yake maini kuliko maneno ya wifi.

Madamu alitumaini kwamba jina lake likishasomwa mzaha utamhama shemeji na kumwandama yeye. Haukuhama. Vijana walikuwa wameuzoea, na mdomo uliozoea wimbo hauulizi tena nani kautunga. Jumatatu gari jeupe lilikuwa bado uani. Jumanne vilevile. Jumatano, baada ya vipindi vya shule, Madamu alifika akiwa amevaa viatu vya chini ambavyo binti yake hakujua kama anavyo, akasimama upande wa usukani.

"Nimekuja kujifunza," akasema. "Na nataka tupite njia ya mzunguko."

"Wanaoanza nawapeleka uwanjani."

"Nifundishe uwanjani kwanza. Halafu mzunguko."

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Kila wiki alikuwa amewaendesha watu kwa kasi ya kuua, na sasa hakuweza kuachia klachi bila gari kuruka na kuzimika. Shemeji hakumcheka wala hakumfariji. Alimwambia la kufanya, akamwambia tena, na mwishoni mwa wiki ya pili akamwelekeza barabara kubwa.

Vijana waliwaona kwa mbali. Wimbo ukaanza, wauza matunda wakaupokea, na "puu" ilipotoka Madamu aliisikia mpaka kwenye meno. Alikuwa ameiandika mara nyingi akiwa amekaa kitini, kikombe mkononi. Hakujua kwamba inaingia hivi.

"Tunatoka njia ya tatu," shemeji akasema.

Madamu akaipita. Mikono ilikataa kuugeuza usukani. Wakazunguka tena, wimbo ukawasubiri palepale.

"Shemeji, nisamehe."

"Kwenye mzunguko hatuombani msamaha. Angalia lile basi."

Sasa mmoja wa vijana akainama kutazama ndani. "Jamani, ni Madamu. Ni yule wa redio. Madamu, leo unamwangusha nani?" Kicheko kikapasuka upya. Mwingine akamwamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya kuigiza darasa. Alikuwa amemfundisha huyo, kidato cha pili, safu ya nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kufunika uso mbele ya watu, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi, na uso ukabaki pale kwenye kioo kila mtu auone.

Shemeji akateremsha dirisha la upande wake, akawapungia.

"Na wewe wapungie," akasema.

"Siwezi kuachia usukani."

"Basi zunguka mpaka uweze."

Madamu akazunguka.