Wachezaji wa Barafu Ndani ya Kopo Jekundu

Vita vilipofanya meli ziache kuja bandarini Kalundu, kwetu Uvira kando ya ziwa, baba yangu, aliyekuwa karani pale, alibaki bila kazi na hakuweza kutulia. Alikuwa anaketi, anasimama, anakwenda barabarani kusikiliza habari, anarudi, anatoka tena. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, shule imefungwa, nami nilimfuata kila alikokwenda.

Mara nyingi tuliishia sokoni, kwa shangazi yangu aliyeuza nguo za mitumba. Siku moja alifungua mzigo wa makoti mazito ya watoto. Kwa joto la Uvira nani atayavaa? Waliyanunua wafugaji wa kule juu milimani kwenye baridi. Ndani ya mfuko wa koti moja baba alikuta picha saba za karatasi ngumu: wazungu wenye kofia ngumu na fimbo zilizopinda, wanateleza juu ya kitu cheupe. Nyuma kulikuwa na namba na maandishi ya Kifaransa.

“Ni hoki,” baba alisema. “Wanachezea juu ya barafu. Kule ziwa mzima inagandaka, watu wanatembea juu yake.”

Shangazi alicheka hadi akashika kiuno.

Tangu siku hiyo tulipekua mifuko ya makoti yote sokoni. Baba alizipanga picha kwenye mkeka kufuata namba, na kila namba iliyokosekana ilimtoa tena nje kwenda kutafuta. Aliyempenda zaidi alikuwa golikipa mmoja ambaye, kwa mujibu wa maandishi, wakati wa likizo huvua samaki. “Huyu ni muntu wa kwetu,” baba alisema, akamweka juu ya wenzake.

Mvua zilipoanza, bati letu lilivuja. Nyumbani tulikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga. Lenye kutu lilikuwa la picha. Jekundu, lenye mfuniko unaobana, lilikuwa la mama: diploma yake ya ualimu, cheti cha ndoa, kadi zetu za ubatizo. Nilipoona kona za picha zinavimba, nikabadilisha. Picha nilizitia kwenye kopo jekundu, karatasi za mama kwenye lile la kutu. Nilikusudia kumwambia baba jioni ile. Sikumwambia.

Siku chache baadaye risasi zililia milimani tukiwa tunakunywa uji. Tulitoka na sufuria, blanketi, na mdogo wangu mgongoni mwa mama. Tulitembea siku mbili hadi Luberizi, kwa mama mkubwa aliyelima mpunga. Huko mama alisikia kwamba shule moja inatafuta walimu, ila kila mmoja aonyeshe diploma.

“Kopo iko juu ya kabati,” alimwambia baba. “Ile nyekundu. Usifungue, usichelewe, beba hiyo tu.”

“Nitaileta.”

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na sikufungua mdomo. Nilimwogopa mama. Asubuhi nilipopata moyo nilikimbia hadi barabarani, nikakuta baba ameshapanda nyuma ya baiskeli ya mtu anayeelekea Uvira. Nilimwita. Alidhani namuaga, akanipungia mkono.

Siku nne sikukaa chini. Nilizunguka kwenye matuta ya mashamba hadi nyayo zikachubuka. Kila aliyetoka upande wa Uvira nilimuuliza. Mmoja alisema wanaume wanakamatwa njiani na kubebeshwa masanduku ya risasi. Mama aliacha kula.

Siku ya tano, mchana, baba alitokea, miguu imevimba, amevaa shati lisilo lake. Alikuwa amejificha siku mbili ndani ya matete. Kopo jekundu alikuwa amelifunga tumboni kwa kitambaa. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akang’oa mfuniko, na wachezaji wakamwagika mkekani.

Baba alitazama picha, halafu akanitazama mimi.

“Miye nilikosea,” alimwambia mama. “Nilibadilisha makopo siku ya mvua, nikasahau.”

“Weye! Ulitaka kufa sababu ya hawa?”

Mama alitoka nje. Nilimshika baba mkono nikaanza kulia, akaninong’oneza: “Nyamaza. Hasira yake inatosha muntu mmoja.”

Kabla hatujarudi, nyumba yetu iliporwa, hata mabati yaling’olewa, na kopo la kutu hatukuliona tena. Mama alilima mashamba ya watu misimu mitatu kabla mwalimu mmoja aliyesoma naye hajamtolea ushahidi ili aajiriwe. Muda ule wote alizungumza na baba mambo ya chakula na ya watoto tu. Picha niliwagawia watoto wa Luberizi. Baba hakuziulizia.

Nilimwambia mama ukweli nikiwa na miaka ishirini na miwili, tumerudi Uvira, tukianika ndagala juani. Aliendelea kuwatandaza samaki kwa muda mrefu.

“Na yeye alinyamaza miaka yote hii?”

“Ndiyo, mama.”

Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaingia chumbani ambako baba alikuwa amejilaza. Kwanza nilimsikia akilia, kisha akimgombeza kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Baadaye wakawa wanazungumza kwa sauti ya chini. Nilikuwa naenda na kurudi uani, sijui niingie au nikimbie, mpaka baba alipoita kutoka ndani kuuliza kama kuna chai.