Gari la Dizeli Lililohukumiwa Mikumi

Fundi wa Mikumi alifungua boneti, akasikiliza injini kidogo, akaifunga. "Mama, kontroboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa," alisema. "Dizeli za zamani kama hii zikifika hapo hazina dawa. Tafuta mtu wa vyuma chakavu."

Nilimuuliza amepima na nini. Akasema uzoefu. Nikamshukuru, nikarudi Kilosa polepole, gari likitoa moshi mweusi kila penye mwinuko, vitambaa vyangu vya sare za shule vikiwa nyuma, havijauzwa hata kimoja.

Kaka yangu mkubwa aliposikia alifurahi kupita kiasi. Tangu nifiwe na mume alitaka gari liuzwe. "Mdogo wangu, dizeli ni ya wanaume," aliniambia. "Marehemu aliiweza. Wewe itakuumbua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka dukani kununua mashine ya kupimia magari, ile ya bei chee yenye kioo kidogo na waya mfupi. Nikaichomeka kwenye soketi chini ya dashibodi. Kioo hakikuwaka. Nikairudisha dukani kwa hasira, lakini muuzaji akaichomeka kwenye gari lake, ikawaka palepale. "Shida iko kwako, mama," akasema.

Haya, basi ilikuwa kwangu. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwaza soketi ile inapata wapi umeme. Nikakumbuka kwamba kiwashio cha sigara, ninachochajia simu, nacho kilikufa miezi kadhaa nyuma. Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya vyote viwili ilikuwa imeungua. Nilipoweka nyingine, kioo cha mashine kikawaka, kisha kikaandika: hakuna mawasiliano na gari.

Nililia kidogo, sifichi. Halafu nikaosha uso, nikashika simu na kutafuta. Fundi mmoja alikuwa ameeleza kwa video kwamba baadhi ya dizeli za aina ya gari langu zina soketi inayofanana na za kisasa, ila mashine za bei rahisi hazielewani nazo. Unaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ukikosea matundu, alionya, unaweza kuua kontroboksi kweli.

Nilihesabu matundu mara tatu. Nikachomeka waya.

Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena. Kwenye orodha ya yule fundi wa video, hiyo ilikuwa sensa ya joto la maji; ikiharibika, injini hudhani bado ni baridi na kumwagiwa dizeli kupita kiasi, ndipo moshi mweusi. Nikafuata waya wake kwa vidole hadi nyuma ya injini, nikaukuta umetafunwa na panya, umebaki uzi mmoja wa shaba. Nikakata, nikaunga, nikazungushia tepu. Kesho yake gari liliwaka kwa mkupuo mmoja, na moshi ule sikuuona tena.

Ijumaa kaka alikuja na mnunuzi, mzee mmoja wa Magole.

"Shikamoo," nikamwamkia yule mzee.

"Marahaba. Nimeambiwa gari ni bovu."

Nikawasha injini mbele yao. Mzee akasikiliza, akainama kutazama bomba la moshi, akasema analitaka hivyohivyo.

"Haliuzwi," nikamwambia. "Samahani kwa usumbufu wa safari."

Kaka alinivuta pembeni. "Nani amekutengenezea?"

"Mimi."

"Usinitanie."

"Kaka, nakuheshimu. Lakini ukileta tena mnunuzi wa kitu changu bila kuniuliza, nitamwambia mbele yako kwamba umempotezea muda."

Aliondoka na mnunuzi wake. Kwa majuma mawili hakunipigia simu, nami sikumpigia. Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa nilipakia vitambaa, nikaenda Mikumi. Nilisimama mbele ya gereji ya yule fundi, nikaacha injini ikiunguruma, nikamweleza habari ya waya ule. Alisikiliza mikono ikiwa mfukoni. "Panya," akasema hatimaye, bila kunitazama.

"Panya," nikamjibu, nikaendelea na safari zangu.