Herufi za Brashi kwenye Msalaba wa Mama Mkubwa

Nimeandika mabango ya maduka hapa Songea kwa brashi na rangi tangu ujanani, kwa hiyo niseme wazi: ile fonti nene, iliyolala upande, inayojifanya imechorwa kwa brashi, naidharau. Brashi ya kweli huishiwa rangi na mkono huchoka. Huwezi kupata A mbili zinazofanana. Ile ya kompyuta, kila A ina mkia uleule, umechanika palepale.

Mama mkubwa alipofariki huko Ruhuwiko, binamu yangu alipeleka jina lake kwenye duka la stika mjini. Nilifuatana naye. Fundi wa kompyuta, jitu zima lenye kitambi, aliifungua fonti hiyo kabla hata ya kuuliza kazi yenyewe ni ya nini.

"Ni ya msalaba," nikamwambia. "Weka herufi za kawaida."

"Hii ndiyo inayopendwa, mzee. Ina mvuto. Utadhani imeandikwa kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Akacheka. Nikamweleza kwamba herufi za namna hiyo zinafaa neno moja au mawili, makubwa, ya kusomwa na mtu aliye juu ya bodaboda: Chipsi. Saluni. Karibu. Tena herufi kubwa iwe ya kwanza tu, maana zote zikiwa kubwa zinasukumana. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaandika majina matatu ya marehemu, tarehe mbili na mstari wa Zaburi, vyote kwa herufi kubwa. Binamu akasema imependeza sana. Yeye hupendezwa na chochote kinachong'aa.

Na mama mkubwa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote! Herufi ikilala, alikufutia daftari mpaka karatasi ikatoboka, ukaanza upya.

Makaburini, padri alipomaliza, mumewe alisogezwa karibu na msalaba. Baba mkubwa akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hapa wameandika nini?" akaniuliza.

Nikamsomea.

"Mimi naona nyoka tu," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Siku ya tatu nikarudi na kisu, nikaibandua stika yote. Nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi za kusimama, kama za ubaoni. Mkono wangu siku hizi unatetemeka. N moja imeinama kidogo. Baba mkubwa alisimama nyuma yangu akizisoma moja moja kwa sauti, hadi jina la mkewe likatimia.

Binamu aliposikia, alisema nimeharibu kazi nzuri. Mpaka leo tukikutana sokoni ananipa mkono huku anatazama pembeni. Sijamwomba radhi, wala sitamwomba.