Hema la Kufungwa kwa Nje

Shangazi hakuweza kumsalimia mtu bila kumvuta mshono. Mkono wa kulia ulipokuwa bado umeshika wa kwako, wa kushoto ulikuwa umeshafika kwenye pindo la shati na kulivuta kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Mshono ukishika, aliguna. Ukiachia, alisema, "Aliyekushonea hii hakupendi," na hapo hapo akaichomoa sindano iliyokuwa haikosi kwenye kola ya gauni lake. Aliwahi kumfanyia hivyo daktari aliyekuwa akimpima presha, na daktari akasimama kimya mpaka uzi ukatwe.

Binti wa kaka yake, ambaye ni mfamasia, alilelewa chini ya mkono huo. Baba na mama walifariki watoto wangali wadogo, wakaachwa watatu: kaka yao mkubwa, ambaye tangu utotoni wanamwita Mheshimiwa kwa kupenda kuhudumiwa, yeye wa katikati, na wa mwisho, Kitindamimba, ambaye jina hilo limeng'ang'ania mpaka leo, ingawa ana watoto wake. Shangazi hakuzaa. "Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe," alikuwa akiwaambia watu. "Mimi nimeeleka matatu, na moja linakula kama mashine ya kusaga." Mheshimiwa alikuwa akijua ni yeye.

Shangazi alikuwa fundi wa maturubai ya malori, mwanamke pekee katika mtaa mzima wa gereji na maduka ya vipuri. Turubai la lori halishonwi mezani. Linatandazwa sakafuni, na fundi anatambaa juu yake kwa magoti, akiivuta mashine kama mtu anayekokota mbuzi mkaidi. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kimoja, na humo walilala wanne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, harufu ya nta na turubai jipya ikiwa ndiyo blanketi la pili. Chumba hicho ndicho kilichowasomesha.

Magoti yalipoanza kugoma, tajiri wa karakana akamwambia apumzike. Watoto wakamwuliza anataka zawadi gani. Mheshimiwa alitaja runinga. Kitindamimba alitaja godoro la kisasa.

"Nataka tukalale ufukweni," alisema Shangazi. "Kwenye hema. Sisi wanne, kama zamani. Miaka yote nimepeleka maturubai bandarini, na bahari nikaishia kuiona kwa upenyo, kati ya kontena na kontena."

"Ufukweni kuna hoteli nzuri," alisema Mheshimiwa.

"Hotelini kila mtu atajifungia na ufunguo wake. Hiyo si safari, ni kulipia kutoonana."

Mfamasia akajitwisha kazi ya kupanga. Alidhani kupanga ni kutafuta uwanja wa kupigia hema, maji safi, choo na usafiri. Vyote hivyo alivipata kwa simu chache, akiwa amesimama nyuma ya kaunta kati ya mgonjwa na mgonjwa. Waliomshinda ni ndugu zake. Mwezi wa kwanza Mheshimiwa alikuwa na semina. Wa pili, mtoto wa Kitindamimba alikuwa anaota meno. Wa tatu wote wawili waliitika, akashukuru, na siku mbili kabla ya safari Kitindamimba akatuma ujumbe: "Dada, hivi choo kiko umbali gani na hema? Na mbu je? Na kaa wanaingia?"

"Kaa hawaingii," aliandika mfamasia, huku mzee mmoja akimgongea kioo na cheti chake mkononi. "Ila mimi nitaingia hapo kwako nikutoe kwa nguvu."

Kitindamimba alijibu kwa kikatuni kinachocheka. Mheshimiwa aliandika: "Tusogeze mbele kidogo." Ilikuwa siku zote ni kidogo. Walimpiga danadana hivyo mpaka akawa anaogopa kufungua simu yake, na jioni akienda kwa Shangazi anaanza kujieleza kabla hajaketi.

"Mwanangu, hewala haigombi," Shangazi alikuwa akimwambia. "Waambie sawa. Mimi hapa nashona."

Na kweli alikuwa anashona. Hema la dukani alilikataa. Alilivuta mshono mbele ya muuzaji na muuzaji akaomba asivute tena. Alipewa vipande vya turubai na mafundi wenzake, akatambaa juu yake kwa magoti yale yale yaliyomstaafisha. Alisema anashona hema la watu wanne wanene, maana alijua wamenenepa.

Jumapili moja mfamasia aliwakusanya kwa hila: aliwaambia Shangazi anaumwa. Walipofika mbio uani nyuma ya karakana walimkuta mzima, amesimama mbele ya hema la kijani kubwa kama banda la sherehe, uso unang'aa. Hata Mheshimiwa alisahau kununa. Waliingia, wakalala chali na viatu vyao. Mwanga ulipita kwenye turubai ukawafanya wote wawe rangi ya jani. Kitindamimba alinusa akasema, "Jamani, hii ni harufu ya darasa la pili," na mfamasia alihisi kwamba sasa wataenda, kwamba hakuna tena wa kuwazuia.

Ndipo Mheshimiwa akanyoosha mkono kufunga mlango, akapapasa, akapapasa tena.

"Shangazi, kamba ziko wapi?"

"Zipo hapo."

"Hapo wapi?"

Zilikuwa nje. Pete zote za chuma zilikuwa nje, kamba zote zinapita nje na fundo linakaa nje, chini, upande wa kushoto, kama linavyokaa kwenye lori. Miaka yote alikuwa amefunika saruji, mahindi na magodoro, na mzigo haujifungi wenyewe. Kuna mtu anayebaki nje akaufunga. Mikono yake ilishona ilichokijua.

Mheshimiwa alicheka mpaka akakaa. "Umetushonea lori, Shangazi! Tunakwenda ufukweni kama viazi!"

"Na nani atatufunga?" Kitindamimba aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

Shangazi hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliliangalia lile fundo kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa mbali. "Nitawafunga mimi," alisema. "Kwani nani alikuwa anafunga mlango mkilala?"

 Neno hilo lingeweza kuzaa safari. Mfamasia alikuwa ameshafungua mdomo aseme Jumamosi ijayo, ndipo simu ya Mheshimiwa ikaita. Alitoka kuongea, akarudi akijipangusa vumbi la suruali. Kumbe Jumamosi ijayo haiwezekani. Wala ile nyingine. "Lakini Shangazi alirekebishe kwanza, si ndiyo? Hakuna haraka." Kitindamimba alikubaliana naye haraka mno.

"Hamtaki kwenda," alisema mfamasia. Sauti yake ilimtisha yeye mwenyewe. "Semeni tu hamtaki! Mnamzungusha mtu mzima kama fundi anayemdanganya mteja. Semeni!"

"Sasa matusi ya nini?" alisema Mheshimiwa. "Nani amesema hataki?"

Na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Hakuna aliyesema hataki. Angepata mtu wa kukataa, angegombana naye na kumshinda, au kushindwa, na mambo yangeisha. Lakini wote walikuwa wanataka. Walitaka kwa moyo mweupe, kila mwezi, na hawakwenda.

Wiki iliyofuata alfajiri, akielekea zamu, alipita karakana amwambie Shangazi tarehe nyingine. Alimkuta amekaa ndani ya lori, kiti cha abiria, kikapu mapajani. Nyuma, juu ya shehena ya mabati, lilikuwa limefungwa lile hema la kijani, limekaa kama lililokatwa kwa kipimo cha lori hilo.

"Dereva anapeleka mabati kule kule pwani," alisema Shangazi kutoka juu. "Nimempa turubai, yeye ananipa kiti. Akishusha mzigo atanipigia hema ubavuni mwa lori, mchangani."

"Peke yako? Shangazi, nisubiri. Jumamosi sina zamu, nimeshaomba."

"Jumamosi lori haliendi."

Mfamasia alimgeukia dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu kila kitu. "Na usiku nani atamfunga?"

"Mimi, dada," alisema dereva. "Kufunga ndiyo kazi yangu."

Ni dereva huyo aliyewasimulia baadaye, uani pale pale, mbele ya wote watatu, maana kwa msiba wa Shangazi Mheshimiwa na Kitindamimba walifika siku hiyo hiyo. Alisema mama yule alilala mchangani siku mbili. Jioni dereva alimfunga kwa nje kama mzigo, asubuhi akamfungua, akamkuta ameketi anasubiri, kachangamka. Alikaa majini na gauni lake mpaka mawimbi yakamzoea. Njiani kurudi alisinzia kwenye kiti, na dereva akapunguza mwendo kwenye mashimo asimwamshe. Aligundua kwenye kituo cha mafuta, alipotaka kumwuliza kama atakunywa chai.

Lakini alfajiri ile lori lilikuwa likinguruma tu, na mfamasia amesimama chini, amelishika komeo la mlango, amevaa koti lake jeupe la kazini, ana hasira asijue amlilie nani. Alisema atapiga simu kazini. Alisema wengine wanaweza kumshikia zamu. Alisema mambo mengi. Shangazi alimwondoa vidole kwenye komeo, kimoja kimoja, taratibu, kisha akafunga mlango na kushusha kioo.

"Wewe ulipanga vizuri, mwanangu, ni watu tu ndio hawakupangika. Haya, nenda kazini, wagonjwa watakusubiri."