Mlango Unaobamizwa Mara Mbili

Wateja wangu wana midomo. Wakiiona pikapu ya shemeji yangu imesimama mbele ya gereji, wanauliza kama kweli mimi ni fundi wa bodi au najifunza, maana mlango wa dereva lazima uubamize mara mbili ndipo ukubali kufunga. Mara ya kwanza unakurudia. Unaunyanyua kidogo kwa mkono, unabamiza tena, ndipo kitasa kinashika. Nawaambia fundi mbaya hulaumu vyombo, basi nami nalaumu gari, nao wanacheka na kuondoka. Siwezi kumweleza kila anayekuja kunyoosha bampa kwamba mlango ule niliwahi kuutengeneza vizuri kabisa, na kwamba haukukaa hivyo hata siku moja.

Shemeji yangu mwenyewe ni mtu wa magodoro. Hayashoni, anayabeba. Anayachukua kiwandani, anayapanga juu ya pikapu na kuyafunga kamba mpaka gari linafanana na kitanda kilichoota magurudumu, kisha anayasambaza madukani. Mtaa mzima wanamwita Bwana Magodoro, na zamani walikuwa wakimtania kwamba amelaza nusu ya mji ilhali yeye mwenyewe halali. Ni mpole, mgongo wake mbovu, na anampenda dada yangu kwa namna ambayo sisi ndugu zake wa kiume tulimcheka nayo miaka mingi. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mke wangu, hata mbele za watu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba wamesikia.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Mpwa wangu huyo tulimpachika jina la Injinia, na tulimpa kwa kejeli, kwa sababu hakuna kitu alichokiona kimeharibika akaacha kukitibu kwa tyubu ya baiskeli. Mguu wa meza ukilegea, tyubu. Mpini wa ufagio ukipasuka, tyubu. Alipokuwa mkubwa na mgongo wa baba yake ukakataa kazi, yeye ndiye aliyeshika usukani wa pikapu, na haikupita muda akagundua kwamba mpira wa mlango wa dereva, ule unaozunguka fremu kuzuia maji na vumbi, ulikuwa umekauka na kumeguka kwenye pembe ya chini. Mvua ilikuwa ikimlowesha mguu. Hakuja kwangu. Alikunja tyubu tabaka juu ya tabaka, akaigandisha juu ya mpira ule ule mbovu, kwa gundi ya viatu.

Maji yalikoma kuingia, nisimsingizie. Lakini aliweka unene mahali ambapo mlango hauna nafasi. Kuanzia siku hiyo mlango ukawa wa kubamizwa mara mbili, kishindo cha kwanza butu, cha pili kikali, na ulisikika mpaka nyumba ya tatu.

"Leta gari nikurekebishie," nilimwambia.

"Mjomba, mlango si unafunga? Unataka ufunge mara ngapi?"

"Mara moja."

Alicheka akaondoka, na alipofika kwao nadhani alibamiza mara mbili kama kawaida yake. Dada alikuwa akisikia vile vishindo viwili anainuka kupakua chakula. Hakuchungulia dirishani wala kuuliza. Alijua mwanawe amefika salama, na siku yake ikawa imekwisha vizuri.

Dada alianza kusahau wakati Injinia bado yuko hai. Alitia chumvi kwenye chai, akaniita kwa jina la marehemu baba yetu, akapotea njia ya kurudi kutoka sokoni anakokwenda tangu ujana. Daktari alisema ugonjwa huo wa kusahau huenda mbele tu, haurudi nyuma. Tulikuwa tumeanza kuzoea hilo, kama binadamu anavyozoea lolote, ndipo homa ikamshika kijana. Pikapu ilimpeleka hospitali ameketi, anatania wauguzi. Ikarudi bila yeye.

Dada alilia msibani kama mama yeyote. Kisha akasahau.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nimeuona uchungu huo ukianza upya kila siku, mbichi. Mwanzoni tulikuwa tukimwambia ukweli kila alipouliza mtoto yuko wapi, na kila alipoambiwa alifiwa tena. Alipiga yowe lile lile, akaanguka pale pale, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine. Mpaka siku moja shemeji akatukataza. "Basi," alisema. "Asiambiwe tena. Mmoja wetu akilia inatosha." Akapanda pikapu na mgongo wake ule ule mbovu, akarudi kwenye magodoro.

Siku aliyokuja gereji ilikuwa katikati ya kiangazi. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya mbwa.

"Shemeji, naomba unibadilishie mpira wa mlango. Mvua inaniingilia."

"Mvua gani?"

Akatazama juu, nami nikatazama juu. Hapakuwa na wingu.

"Itanyesha," akasema.

Mkubwa hasutwi hadharani, basi nikatafuta mpira. Niliupata mzuri, laini, wa duka la vipuri la nyuma ya stendi, nikaanza kazi naye amekaa kwenye kigoda pembeni. Mpira wa zamani haukutoka mzima. Nilipouvuta ulimeguka vipande kama mkate mkavu, nikavifagia chini. Tyubu ya Injinia ndiyo iliyogoma. Nilitia kisu, nikatia tina ya kuyeyushia gundi, nikaisemesha maneno ambayo hayasemwi mbele ya shemeji, mwisho ikabanduka kwa mkupuo, nzima, imejikunja kwa umbo la pembe ya mlango. Nilitaka kuitupa. Shemeji akanyoosha mkono akaichukua, akaitia mfuko wa shati.

Nikawa nasugua mabaki ya gundi kwenye fremu. Kazi hiyo haina ujanja, ni kusugua tu mpaka chuma kiwe safi, maana mpira mpya haushiki juu ya uchafu wa zamani. Hapo ndipo alipoanza kusema, akiangalia viatu vyake.

"Shemeji, akisikia mlango ule anafurahi. Namsikia nikiwa nje. Anasema, huyo mtoto. Anaweka sahani ya tatu mezani. Halafu naingia mimi."

Nikaendelea kusugua.

"Uso wake unaanguka. Kila siku. Ananiuliza mtoto yuko wapi, namwambia anafunga gari, anakuja. Kidogo anasahau kwamba aliuliza, anakula. Lakini ule uso nimeshauona." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Miaka yote niliyoishi na yule mwanamke sijawahi kuingia nyumbani nikawa habari mbaya. Nataka siku moja niingie, anione mimi, aseme karibu mume wangu. Nimechoka kuwa mtu ambaye siye."

Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia, ndivyo nilivyo, nikaona heri nimpe mkononi upande mmoja wa mpira aushike.

"Usiuvute," nikamwambia. "Mpira wa mlango hauvutwi. Ukiuvuta leo ukatosha, kesho utarudi nyuma na kuacha mwanya. Uache ulale wenyewe."

Tukaulaza pamoja, kuanzia chini, tukipanda taratibu, tukiukandamiza kwa vidole gumba, kwenye pembe tukiupa nafasi ya kupinda. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi hiyo. Mtu aliyezoea kubembeleza magodoro ngazini. Tulipomaliza nikaweka karatasi kwenye fremu, nikafunga mlango, nikamwambia aivute. Haikutoka, maana yake mpira umebana. Nikateremsha kioo kidogo ili hewa ipate pa kupita, nikasukuma mlango kwa kidole tu. Ukafunga mara moja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeweka mto kitandani.

Shemeji alitabasamu. "Twende nyumbani," akasema. "Ukale na sisi."

Nilijua kwamba hakuniita kula. Alitaka shahidi wa furaha yake.

Alifunga mlango wa gari nje ya nyumba na hata mimi niliyesimama hapo sikuusikia vizuri. Tukaingia. Dada alikuwa ameketi mezani, ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, na alipoinua macho akamwona mumewe.

"Karibu, mume wangu," akasema. "Pole na kazi."

Shemeji alisimama pale mlangoni akashindwa kusogea. Akaja, akakaa karibu naye, naye dada akamkung'uta vumbi begani kama alivyokuwa akifanya zamani, wakati sote tulikuwa wazima. Mimi nikajifanya nanawa mikono. Niliona kazi yangu imekuwa dawa, nikajipongeza moyoni.

Chakula kilikuwa tayari, lakini dada hakupakua.

"Tumsubiri mtoto," akasema.

"Anafunga gari," shemeji akajibu, kwa mazoea. "Anakuja."

"Gari gani? Sijasikia mlango."

Tukatazamana. Huyu ni mtu aliyekuwa akisahau kama amekula, akisahau mimi ni nani. Hili hakulisahau.

Shemeji akajaribu kumpakulia mwenyewe. Dada akaisukuma sahani. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Akauliza kama kuna ajali barabarani. Akauliza kama tunamficha jambo. Nilimwambia, dada kaa, chakula kinapoa, akanitazama kama mtu baki aliyeingia bila hodi. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake. Kiatu kimoja kikakataa kuingia, akakiacha, akashika njia ya mlangoni na kiatu kimoja.

"Mwanangu hachelewi hivi," akasema. "Amepatwa na kitu. Nyie mmekaa mnakula, mwanangu amepatwa na kitu."

Shemeji akamzuia mlangoni kwa mikono miwili. Dada akawa anamsukuma kifuani, mzee wa watu, kwa ngumi ndogo zisizo na nguvu, akisema amwache akamtafute mtoto wake. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema, nami usiku huo nikajua kimya hicho kilitengenezwa na mikono yangu. Ule mlango mbovu ndio uliokuwa ukimfungia siku yake. Ukishalia mara mbili, mtoto alikuwa amefika, na mengine yote aliweza kuyasahau. Sasa hakuna aliyefika, wala hakuna atakayefika.

"Mshike," shemeji akaniambia.

Nikamshika dada yangu mabega, shemeji akatoka. Kupitia dirishani nilimwona kwenye mwanga wa taa ya kibarazani. Akafungua mlango wa pikapu akaubamiza kwa nguvu. Sauti ya mto kitandani. Akaufungua, akajipanga kama mtu anayetaka kupiga teke, akaubamiza kwa mwili mzima na ule mgongo wake. Mto kitandani. Mpira mpya ulimeza kila kitu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huo, na niliichukia.

Akasimama kidogo, mkono juu ya paa la gari. Kisha akaupeleka mfukoni mwa shati.

Akapiga magoti, jambo ambalo mgongo wake haumruhusu, akaikandamiza ile tyubu juu ya mpira wangu, kwenye pembe ya chini, pale pale alipokosea mwanawe. Akainuka kwa kushikilia usukani. Akabamiza. Mlango ukamrudia. Akaunyanyua kidogo kwa mkono, akabamiza tena.

Mabega ya dada yakalegea mikononi mwangu.

"Huyo," akasema.

Akaniponyoka, akaenda kabatini na kiatu chake kimoja, akatoa ile sahani ya tatu, ya mtoto. Alikuwa anapakua shemeji alipoingia, vumbi magotini, macho mekundu. Nilimtazama dada. Nilikuwa nangoja uso wake uanguke, kama nilivyoambiwa. Haukuanguka. Labda kwa sababu alimwona analia, na kulia kwa mumewe ni kitu ambacho mwili wake ulikuwa bado unakikumbuka. Akaweka upawa chini, akamfuta shavu kwa ncha ya mtandio.

"Unalia nini, mume wangu? Mtoto si amefika? Anafunga gari tu, anakuja."

"Nimesikia, mke wangu," shemeji akasema. "Nimeusikia mlango."

Akakaa kando ya ile sahani ya tatu, akamega tonge, akaanza kula.