Nyaya za Fedha za Shemeji

Mume wa dada yangu alipanda Lushoto kutoka Dar es Salaam na nyaya za spika zilizotengenezwa kwa madini ya fedha, amezipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Sikuwahi kumheshimu sana, na siku ile alijimaliza kabisa.

Alizitazama nyaya za shaba kwenye spika zangu, mabaki ya fundi aliyetufungia umeme, akacheka.

"Shemeji, shaba inafifisha sauti. Fedha inaisafisha."

Akafunga zake, akaweka wimbo wa kwaya, akafumba macho. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Alipokwenda jikoni kumwamkia mama, nilizing'oa nyaya zake, nikazisukuma chini ya mto wa kochi, nikarudisha zangu. Akarudi, akaukalia mto uleule, akasikiliza wimbo uleule.

"Unasikia sasa?" akasema. "Zikishapata moto, hata pumzi za waimbaji unazisikia!"

"Inuka, shemeji," nikamwambia, nikainua mto.

Alizichukua nyaya zake. Nilitegemea ataona aibu, lakini mtu wa namna ile haoni.

"Ni baridi ya huku milimani," akasema. "Fedha haiipendi."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake shemeji aliondoka na nyaya zake. Mpaka leo anawaambia ndugu zetu wa Gare kwamba masikio yangu ni ya mkulima wa kabichi. Ni kweli nalima kabichi, na kwaya naisikia vizuri tu.