Kidole Gumba cha Mzazi

Karani wa shule yetu ya Kilutheri hapa Muleba ana mikono laini isiyojua jembe. Ukiingia tu, hujaketi, ameshafungua kikopo cha wino na kukukamata kidole gumba kama anayechuma kahawa. “Weka hapa, ndugu mzazi.” Ujamaa umemfundisha neno hilo moja tu, “ndugu”. Karatasi huifunika kwa kiganja. Juzi mwalimu alimvunja mkono mjukuu wangu Kokushubila kwa fimbo, nikaitwa. Nikasema, “Kwanza nisomee, mwanangu.” Akakohoa, akasoma kwa sauti ya mgonjwa kwamba mtoto alianguka kwenye ngazi. Ngazi! Madarasa yote yako chini, hata kizingiti hayana. Kidole nikakificha ndani ya ngumi, nikamwambia, “Inuka, ukanionyeshe hiyo ngazi.”